Injini Kubwa, Mgongo wa Bati

Jumatatu, 12 Juni 1989
Imefika! Injini mpya! Nimeizunguka mara tano, kofia mkononi. Inaingia kwenye gari la marehemu baba, jekundu, la mwaka sitini na nane, paa lake turubai. Jumamosi litampeleka binti yetu Ilona kanisani kufunga ndoa, kama lilivyompeleka mama yake. Ameomba hilo tu.

Margit, mke wangu, ameuliza injini ya zamani ina ubaya gani. Nikasema haina ubaya, ila haina makuu. Akasema hayo yasiyo makuu ndiyo yaliyomfikisha yeye madhabahuni.

Jirani Lowell naye akachungulia juu ya ua. Ana gari kama langu, na majira yote ya baridi hakugusa injini. Alilala chini yake akifunga vyuma. Eti magari haya hayana mgongo: chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, ipo mbele, ipo nyuma, katikati ni bati tupu. Kaza mgongo kwanza, Delmar, fanya matairi yashike barabara, nguvu baadaye. Nikamjibu hakuna mtu anayetazama gari chini. Wivu tu huo.

Jumanne, 13 Juni
Imeingia. Ilipowaka, vikombe vya Margit vilicheza kabatini. Jamani, sauti ile! Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Trei ya vikuki, biskuti ndogo za harusi, ilitembea yenyewe mezani ikaanguka. Vikuki sitini. Shemeji Piroska, aliyevioka, ameniita jina la Kihungaria ambalo Margit amekataa kunitafsiria.

Jumatano, 14 Juni
Majaribio, barabara ya nyuma ya maghala ya mahindi. Lowell kaja kushuhudia. Nikakanyaga mafuta hadi sakafuni. Moshi! Kelele! Nilipomaliza kukohoa nilikuwa palepale.

Zamu ya Lowell. Injini yake ileile ya kiwandani. Hakuna moshi. Gari lilichutama kidogo nyuma, kisha likaondoka lote kwa pamoja, na kabla sijafunga mdomo lilikuwa kwenye kona ya kanisa la Walutheri. Mungu wangu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikamwambia si mbaya.

Lakini mimi si mjinga. Theluji ikianguka kila mtu hapa hutia mifuko miwili ya mchanga kwenye buti ili matairi yashike. Nikatia minane. Nikakanyaga. Yakashika! Pua ya gari ikapanda, kitu kikalia chini, krrr, na kioo cha mbele kikapasuka kona hadi kona. Na mlango wa abiria haufunguki. Mlango wa Ilona.

Alhamisi, 15 Juni
Nimejaribu mafuta, nta, bega, na nyundo juu ya mto wa Margit. Wapi! Nikamweleza Ilona kwamba mabibi harusi wa siku hizi huruka mlango. Alikwenda kuleta gauni, lenye lesi aliyoshona bibi yake, akalilaza juu ya mlango, akaniangalia. Kisha akasema polepole, baba, ulikuwa nalo zima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaenda kwa Lowell. Nikasema nimepita kumjulia hali. Akauliza, mlango upi?

Ijumaa, 16 Juni
Lowell kaja na vyuma vyake vya akiba. Kwanza akashusha mchanga wangu, akihesabu kwa sauti. Akaliinua gari kwa jeki nne, kidogo huku, kidogo kule, akipima nafasi za milango kwa kidole. Ghafla mlango ukafunguka wenyewe! Nilipiga ishara ya msalaba. Ndipo akaunganisha chesisi ya mbele na ya nyuma kwa pau mbili ndefu za chuma, akabadilisha bushi, zile raba za springi, akanitilia na kioo kingine cha mbele. Pau amezifunga kwa bolti. Wiki ijayo atazichomelea. Nisiziguse.

Nikaliendesha. Nisemeje? Miaka ishirini nimekuwa nikiendesha magari mawili yaliyoshikana mikono. Leo ni moja! Mlango unafunga tup. Nimeufungua na kuufunga mara arobaini, Margit amesimama kando akisikiliza. Nikamuuliza Lowell anataka nini. Sahani ya majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama, akasema, na nisimtaje tena wivu.

Jumamosi, 17 Juni
Mvua. Mlima wa kanisa umelowa, utelezi mtupu. Halikuyumba hata chembe. Ilona alishuka kwa mlango wake, lesi haina doa, akaninong'oneza kwamba babu angefurahi. Nililia mbele ya watu.

Kwenye karamu niliwaeleza wageni kwamba siku zote mimi husema, mgongo kwanza. Lowell alipaliwa na kikuki.

Jumapili, 18 Juni
Saa nane nawapeleka maharusi stesheni, waende fungate. Nimekwisha jifunza. Sirudii tena.

Ila asubuhi niliwaza: pau zile ni nzito. Bila pau, na injini ile, nitampita Lowell kabla ya taa za kwanza za barabarani! Nikazifungua. Bolti tu. Mlango ukakataa kufunga. Nikaingia, nikauvuta kwa mikono miwili, ukafunga. Sasa hautaki kufunguka. Hata ule mwingine. Turubai limebana. Dirisha limeshuka nusu. Kichwa kimepita, tumbo limekataa. Naandika haya nikiwa ndani.

Ilona amekuja na mumewe na masanduku yao. Aliziona pau kwenye nyasi. Akageuka kwenda kugonga kwa Lowell. Wameondoka sasa hivi kwa gari la Lowell. Hakuna moshi, gari lote kwa pamoja, hadi kona. Loo, lilivyo zuri! Nimelipungia mkono kwa dirishani.

Sasa naona kosa lilipo. Ni milango. Kesho naing'oa.