Tume ya Kugawana Namba ya Siri ya Ruta

Umma wa Gitega, wa Muyinga na wa popote penye waya wa simu unatangaziwa kwamba ruta ya nyumbani kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Longino, mtaa wa Magarama, imefungwa, imewasha taa zake zote, na haijamgombanisha mtu. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Nchi yetu imetoka mbali, na watu wamewahi kugombana kwa vitu vidogo kuliko ruta. Mimi Nazario, Katibu wa Tume, nilikuwepo tangu boksi linafunguliwa. Mkisikia maneno mengine sokoni, jueni ni ya watu wasio na muhuri.

Kazi ilianza vizuri. Fundi Damiano alichomeka waya wa simu kwenye kile kisanduku cheupe, akakipa umeme, akangoja taa zitulie. Akasema intaneti sasa inatembea hewani nyumba nzima, imebaki tu kuandika namba ya siri kwenye simu ya kila mtu.

"Namba nimpe nani?" akauliza.

Mkurugenzi akasimama. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya hotuba hata anapoomba chumvi.

"Bon," akasema, "hapa Burundi kitu ikikamatwa na mtu moja, inaleta fujo. Tulisaini amani juu ya nini? Namba tutaigawana."

Mkewe Emiliana alikuwa amebeba mtoto wao wa kwanza, Kasilda. "Baba Kasilda, si uniandikie tu kwenye simu yangu?" akasema. "Mama anataka kumwona mtoto."

Hapa nieleze, ingawa jambo lenyewe si la kiofisi. Emiliana alizaliwa Mwakiro, mkoani Muyinga, akakulia kambini Tanzania. Wakati wa kurudi, yeye alirudi. Mama yake, Bibi Jovina, akabaki Kasulu na binti yake mwingine. Sasa macho ya Bibi yanafifia. Jicho moja limekwisha kuzima, na la pili daktari hakuliwekea ahadi. Bibi alikuwa na ombi moja tu, amwone mjukuu wake kabla giza halijafika. Ombi zuri, ila halikuwa na barua ya kusindikiza.

"Mama Kasilda," Mkurugenzi akamwambia, "intaneti si sufuria ya ugali. Pita njia ya kawaida."

Tume ikaundwa siku hiyo hiyo. Namba ilikatwa vipande vinne, kila kipande kikapewa mwakilishi. Gitega ilishikwa na Mkurugenzi mwenyewe, ambaye ndiye Mwenyekiti. Muyinga, ili mikoa mingine isinung'unike, ilipewa Kassimu, mwuza vitambaa. Waliorudi kutoka Tanzania waliwakilishwa na Moses, mkulima wa Bukirasazi. Wanawake, kwa kuwa sheria inawataka, walipewa Emiliana, kwa kuwa alikuwa karibu. Mimi nilinyimwa kipande. Kifungu kilisema Katibu ana masikio lakini hana namba. Mkurugenzi alikiandika kwa mkono wake, baada ya kunitazama kwa muda.

Kikao cha kwanza kilifana. Kila mjumbe aliandika kipande chake kwenye simu ya Mkurugenzi huku wengine wakiangalia ukuta. Simu ikashika! Tulipiga makofi, tukala mishikaki. Na simu ikishaingizwa mara moja, hukumbuka yenyewe, kwa hiyo kuanzia siku hiyo Mkurugenzi alitazama mpira kitandani bila kumsumbua mjumbe yeyote. Huo ndio uongozi.

"Na simu yangu?" Emiliana akauliza.

"Iko kwenye mengineyo," nikamjibu. "Kikao kijacho."

Kikao kijacho kilihitaji akidi. Nikampigia Kassimu.

"Alo, Katibu? Mi siwezi kuya," akasema. "Duka nitaachia nani? Kutoka Muyinga mpaka Gitega juu ya herufi mbili? Ngoja nikutajie hapa hapa."

"Kutaja kwenye simu ni marufuku."

"Eh! Sasa hiyo intaneti yenu, si iko inapita mu waya ya simu?"

Niliona swali halina adabu, nikakata. Moses naye alituma salamu kwamba maharage yake yamekomaa, na maharage hayajui akidi. Emiliana aliuliza tena wiki ile, akauliza na wiki iliyofuata. Kila mara nilimwandika kwenye mengineyo. Siku moja alilia, nami nikaandika "mjumbe alitoa maoni."

Mkurugenzi alikasirika, si kwa machozi, bali kwa sababu Kassimu alikuwa amekimbia na mali ya Tume kichwani. Akatunga vifungu vipya. Cha nane: mjumbe yeyote asitoke Gitega akiwa na kipande chake, akabidhi kwanza. Cha tisa: anayekaimu uenyekiti anaweza kubadilisha namba kwa ajili ya usalama. Cha kumi: nafasi iliyo wazi ijazwe na mwenye sifa hizo aliye karibu zaidi.

Tukatafuta mtu wa Muyinga aliye karibu zaidi. Emiliana, mzaliwa wa Mwakiro. Tukatafuta aliyerudi kutoka Tanzania. Emiliana. Kassimu alipopitia Gitega kwa shughuli zake, na Moses alipoleta maharage, kila mmoja alimnong'oneza mama huyo sikioni, wakapeana mikono, nikapiga picha. Mkurugenzi alifurahi kwamba sasa Tume haina gharama.

Ndipo Muyinga wakamwalika akawafundishe mfano wetu wa kugawana. Alikuwa tayari mlangoni, koti limepigwa pasi, nilipomkumbusha kifungu cha nane.

"Nazario, we chukua kipande changu."

"Haiwezekani, shefu. Katibu hana namba."

Alinitazama kama mtu anayebwekewa na mbwa wake mwenyewe. Lakini sheria ni sheria, na gari lilikuwa linanguruma. Akainama, akamnong'oneza mkewe. Makabidhiano yakakamilika kwa heshima zote.

Nasikia semina ilikuwa nzuri sana. Walimpigia makofi Muyinga.

Aliporudi jioni, simu yake haikushika. Akaingia sebuleni akiinyanyua juu. Zuena, jirani yetu mshonaji, alikuwa kwenye kiti cha Mkurugenzi, na intaneti kwenye simu yake ikikimbia. Simu ya Emiliana ilikuwa imeegemezwa kwenye ruta, na ndani yake, karibu kabisa na kioo, ulikuwepo uso wa mwanamke mzee.

"Nani aligusa namba?"

"Kaimu Mwenyekiti," Emiliana akasema. "Kifungu cha tisa. Nilimwita fundi Damiano."

"Nipe mpya."

"Ombi lako limepokelewa. Litasomwa kwenye mengineyo."

"Zuena iko nayo!"

"Zuena aliomba vizuri."

Mkurugenzi akasogea mbele ya meza, akaanza hotuba kuhusu taifa. Sauti kutoka Kasulu ikamkatiza.

"Emiliana! Mbona giza? Nani huyo amekaa mbele?"

"Ni mkweo, mama. Mkurugenzi."

"Mwambie asogee. Anamziba mtoto."

Kwetu mwanamume habishani na mama mkwe, hata awe na bendera kwenye gari. Mkurugenzi alivua kofia, akasogea.

"Bado," Bibi akasema.

Akasogea tena, mpaka akafika mlangoni. Emiliana akamwinua Kasilda, akamsogeza karibu na simu. Bibi Jovina alimtazama kwa lile jicho lililobaki, akacheka na kulia kwa pamoja. "Emiliana, paji la baba yako hilo," akasema. "Mgeuze nimwone na masikio." Nami nililia, na kwenye muhtasari sikujiandika kabisa.

Mkurugenzi aliniita kwa kidole kutoka mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kujua kuwa anayo, kikao kijacho ni lini.

Nikamwambia itategemea akidi.