Kitunguu, Chupa na Jipu la Baba Aneth

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Mdogo wangu Laurencia, salamu nyingi kutoka Karatu, tena za baridi, maana ukungu wa leo ng'ombe wa jirani tunawasikia tu, hatuwaoni. Hujambo wewe mwenyewe? Shemeji Koinet hajambo, na goti lake? Supeet hajambo? Parmuat ameacha kula udongo? Mama mkwe wako hajambo, na mbuzi wenu, hasa yule mweupe uliyesema ana mimba? Huku Aneth hajambo. Noel hajambo, ameng'oka jino. Mama mkwe wangu Elizabeti hajambo kupita kiasi. Mimi sijambo. Aliyebaki ni Baba Aneth, na hapo kalamu inakuwa nzito.

Simu yako haipatikani. Mtandao wa huko kwenu Kakesio naujua. Nimeona niandike kidogo kila siku kwenye daftari la Aneth la mwaka jana, gari la Endulen linalopita kwenu likipatikana nikutumie yote pamoja. Usimsomee shemeji. Mambo yenyewe ni ya makalio.

Baba Aneth ana jipu. Kalio la kulia. Kubwa kama limau. La tatu hili tangu Pasaka. La kwanza lilitoka shingoni, la pili kwapani, sasa limeshukia kwenye kiti. Na kazi ya dereva wa watalii ni kukaa.

Alhamisi anachukua wageni. Wanashuka kreta, kisha Serengeti, siku sita. Bosi wao Thomasi ametangaza kwamba dereva atakayekosa safari msimu huu, gari lake atapewa Remigius, na yeye atasubiri mpaka mwakani. Remigius hana gari tangu alipoliingiza la kwanza mtaroni. Kila asubuhi anapita kutujulia hali. Najua anachotafuta.

Kwa hiyo mpango ni wangu. Jipu lipasuke kabla ya Alhamisi, kimya kimya. Hospitali hapana. Mke wa Remigius anauza maandazi pale getini kwa hospitali, akimwona tu mume wangu anachechemea, Thomasi atajua kabla hatujafika dirisha la kuandikishwa.

Leo nimeanza na dawa ya marehemu mama. Sabuni ya mche iliyokwanguliwa, sukari, unabandika, unafunga kitambaa. Si sote tulipona kwa hiyo? Tena nimemwongezea uji wa asali asubuhi na jioni, maana amekonda, kola ya shati inamzunguka shingoni. Na kiu! Jagi zima anamaliza, anaomba jingine. Vumbi la mbugani Ndutu hilo.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Siafu wangekuwa na nafuu. Ni sisimizi. Wamekuja kwa ajili ya ile sukari, mstari mmoja kutoka dirishani, wakapanda kitanda, wakaingia ndani ya kitambaa. Baba Aneth aliamka anacheza ngoma isiyokuwa na jina. Nimewafuta kwa mafuta ya taa. Jipu halijapasuka. Limekuwa jekundu zaidi na sasa linanuka mafuta ya taa.

Halafu nikaona ajabu nyingine. Sisimizi hao hao wamejaa nyuma ya choo, ukutani, pale Baba Aneth anapokojoa akiona uvivu wa kuingia ndani. Na siku hizi anakwenda kila mara. Nikajua mama mkwe amemwaga asali yangu huko, maana hapendi niishike mimi. Nikamuuliza. Akaapa kwa majina ya watoto wake wote saba, pamoja na wawili waliokwisha kufa. Hatusemeshani.

Selestina jirani alikuwa anaanika nguo, akasikia yote. Akaja kwenye uzio, akaniambia polepole kwamba mume wake naye alianza hivyo hivyo. Majipu, kiu, kukonda, sisimizi. Akaniambia nikampime Baba Aneth sukari. Nikamjibu kwamba sukari ipo nje ya jipu, nimeibandika mwenyewe.

Unamkumbuka Selestina. Mjane, mumewe tulimzika mwaka juzi. Sasa sijui anataka tuwe wawili. Nimeingia ndani nimefunga mlango.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Siku mbaya. Asubuhi nimebandika kitunguu cha Mang'ola, kimechomwa kwenye majivu mpaka kimelegea. Kinavuta usaha hicho. Nilipotoka kwenda kuteka maji, mama mkwe akakibandua akampa kuku. Akasema kitunguu ni cha mchuzi, jipu linatolewa kwa chupa.

Chupa yenyewe ni ya soda. Unajaza maji ya moto, unayamwaga, unaibandika mdomo wake kwenye jipu upesi. Ikipoa inavuta. Nilikataa. Baba Aneth akamsikiliza mama yake. Akapiga magoti kitandani, uso kwenye mto, na mama mkwe akabandika.

Ikavuta. Ikashika. Ikagoma kutoka.

Na hapo hapo Remigius akabisha hodi, akiwa tayari yuko ndani. Nikamtupia Baba Aneth shuka. Chupa ikasimama chini ya shuka kama nguzo ya hema. Nikamwambia Remigius kwamba mume wangu anasali rozari ya safari, asimsumbue. Remigius akavua kofia, akakaa kwenye stuli. Akasema atasubiri amalize.

Laurencia, alisubiri karibu rozari nzima. Mama mkwe akaanza Salamu Maria, mimi naitikia, Baba Aneth anaitikia kwenye mto kwa sauti ya mtu anayezama. Tulipofika fumbo la nne chupa ikajiachia yenyewe, ikalia kama kizibo cha mvinyo. Mama mkwe akakohoa, lakini alichelewa.

Remigius akavaa kofia yake. Akasema, "Kaka Kornelio, hiyo sala imejibiwa."

Akaondoka. Jipu halikutoa kitu. Limefanya duara jeusi kuzunguka pale chupa ilipokaa, na Baba Aneth hakuweza kula. Amekunywa uji wa asali tu. Namshukuru Mungu kwa hiyo asali.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Amekwenda. Nilimkatia tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaijaza upepo, nikaifunika kwa kanga ili aikalie jipu likiwa hewani. Nikampulizia na ile dawa yenu ya buluu ya vidonda vya ng'ombe, uliyoniachia Pasaka. Nyingi. Kama inaponya ngozi ya fahali, ya Baba Aneth itaishindaje? Aliondoka anatembea kama amebeba yai katikati ya mapaja. Nikampungia mkono mpaka gari likapotea.

Saa nane mchana akarudishwa.

Ilivyokuwa ni hivi. Tyubu ilipasuka kwenye mashimo kabla ya geti la hifadhi. Walipofika juu, pale wageni wanaposimama kuangalia kreta, wageni wakashuka, yeye akashindwa kushuka. Anatetemeka, meno yanagongana, jua limewaka. Mama mmoja wa kizungu akaenda kumsaidia, akaona suruali ya kaki imelowa buluu nyuma, na kiti buluu, na mkono wake mwenyewe buluu. Akapiga kelele kwamba dereva anavuja damu ya rangi ile. Nani angemlaumu?

Thomasi akampeleka Remigius juu. Remigius amechukua gari, amechukua wageni, amechukua na ile kanga yangu. Lakini kwanza alimteremsha Baba Aneth, akamtafutia gari la kushuka, na waliokuwepo wanasema alimbeba mgongoni. Sikuambiwa hivyo na yeye. Ningependa asingefanya, niendelee kumchukia vizuri.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Sina mzaha leo.

Wekundu umeshuka mpaka nyuma ya goti. Ngozi inawaka, ukiweka mkono unautoa. Kuna harufu. Asubuhi aliita jina la baba yake, marehemu, akamwambia afungue zizi ng'ombe watoke. Nikamjibu mimi kwamba limefunguliwa. Akatulia.

Mama mkwe na mimi tumepatana kwa mara ya kwanza wiki hii. Tumekaa huku na huku kitandani, yeye na kitambaa cha maji, mimi na kitunguu. Yeye akasema limekaribia kuiva. Mimi nikasema kweli, limekaribia. Noel alikuwa mlangoni akauliza baba anakufa? Nikamfukuza akacheze. Aneth hakuuliza. Alitoka, na mimi nikadhani amemfuata mdogo wake.

Alikuwa amemwendea Selestina. Selestina akaingia na mtu wa bajaji, hakubisha hodi, hakusalimu. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia bado siku moja, kesho litapasuka, anionee huruma, wakimwona hospitalini hata gari la mwakani ndiyo basi tena.

Akaniambia, "Bernadina, mimi nilingoja kesho hiyo hiyo. Unajua ilikonifikisha. Ulikuja kaburini na jembe."

Nikapisha.

Tulipita getini kwa mke wa Remigius. Aliacha maandazi kwenye mafuta, akashika mguu wa mume wangu usiburuzike. Yameungua yote, niliyasikia yananuka.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Yupo hai. Nimelala chini ya kitanda chake hospitalini, juu ya mkeka wa Selestina.

Walimpasua Ijumaa ile ile. Shimo waliloliacha, ngumi ya Noel inaingia, nimeliona wakati wa kubadilisha bandeji. Walipompima sukari, mashine ilishindwa kutoa namba. Ilikuwa imepita mwisho wake. Ana kisukari, Laurencia. Sijui tangu lini. Ndicho kilichokuwa kinaleta majipu, na kiu, na kukonda. Na wale sisimizi. Nimemwomba mama mkwe radhi kwa ile asali nyuma ya choo. Amesema atafikiria.

Daktari ni kijana, mpole. Akaniuliza mgonjwa amekuwa akila nini. Nikamwambia kwa fahari kabisa kwamba sikumnyima, uji wa asali, kikombe kikubwa, asubuhi na jioni. Akaweka kalamu mezani. Akaniuliza na jipu mliweka nini. Nikamtajia. Nilipofika kwenye dawa ya ng'ombe, nesi akatoka nje.

Akasema ingekuwa Jumamosi, tusingekuwa tunaongea. Atachomwa sindano kila siku, pengine maisha yake yote. Asiache hata siku moja. Alirudia hiyo. Hata siku moja, mama.

Nimeitikia. Nimelia kwenye kanga.

Alhamisi, tarehe 18 Julai

Tumerudi nyumbani. Baba Aneth analala kwa tumbo. Gari limekwenda kwa Remigius mpaka mwakani, ila ameleta salamu na kanga yangu, imefuliwa. Dawa ya sindano inataka baridi, Selestina ametuonyesha kuiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi, kama alivyokuwa akimwekea marehemu mumewe mwishoni. Kila asubuhi anakuja kusimamia. Anahesabu chupa za dawa. Nimekuwa mwanafunzi ndani ya nyumba yangu.

Jioni hii Baba Aneth ameniita. Ameshika mkono wangu, mkono wake umebaki mifupa. Akasema, "Mama Aneth, nataka nimwone Noel anaoa. Fanya walivyosema."

Nikamwambia nitafanya. Na nimefanya. Sukari yote nimeitoa nyumbani, hata ya mama mkwe aliyoificha kwenye gunia la maharage. Sasa chai yake natia asali, ambayo ni ya nyuki, haijapita kiwandani. Kidogo tu.

Na nimelala nikifikiri, mdogo wangu. Jipu lile lilikubali kisu kwa nini? Kwa sababu kitunguu kilikwisha kulilainisha. Wao wamemalizia. Hilo hawawezi kulisema, lakini mimi nililiona likilegea. Sasa kama ugonjwa wenyewe ni utamu umezidi kwenye damu, dawa yake si iko wazi? Ni uchungu. Uchungu uingie, utamu utoke. Mtoto wa darasa la kwanza anaona hilo.

Kuna ule mzizi anaochemsha mama mkwe wako, ule mchungu ambao shemeji Koinet akinywa analia machozi na kutukana. Huo ndio nautaka. Mwingi. Usiponde, nitaponda mwenyewe. Mama mkwe wangu nimeshamweleza, amekubali. Selestina anakwenda Mbulu Jumanne kwenye arobaini ya shangazi yake, atakaa mpaka Ijumaa. Siku hizo hakuna wa kuhesabu chupa. Nitampumzisha Baba Aneth sindano, mwili uupokee mzizi vizuri, dawa mbili zisigombane. Akirudi Selestina atamkuta mtu anatembea. Nataka nimwone uso siku hiyo.

Simwambii Baba Aneth. Atachanganyikiwa bure, na ninataka sana apone.

Dereva wa gari la Endulen anaondoka alfajiri na daftari hili. Nisalimie wote kwa majina kama nilivyowataja mwanzo, na mbuzi mweupe. Barua usiandike, itakuchelewesha. Funga mzizi kwenye mfuko, mpe dereva huyo huyo, mwambie ni wa Mama Aneth, anapajua. Ufanye haraka, mdogo wangu. Ufike kabla ya Jumanne.

Dada yako akupendaye,
Bernadina