Nyota Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Agosti. Kamenu, Thika.
Hatimaye nimetambuliwa! Shangazi Magdalene, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binamu yangu Calvince, amenikabidhi tovuti ya harusi. Mwajiri wa Shangazi, Bwana Amrik mwenye kiwanda cha ndoo, ataikagua Jumamosi. Ikimpendeza, nitaajiriwa. Miezi kumi na minne tangu nihitimu! Jirani yetu Nekesa, aliyesomea kompyuta miezi mitatu tu huko Witeithie, amejitolea kunisaidia. Nimekataa kwa adabu.

Jumanne, 5 Agosti.
Orodha ya kamati tayari. Viongozi watano; chini ya kila mmoja, orodha ndogo ya wasaidizi wake. Viongozi nimewawekea nyota ya dhahabu kwa kanuni fupi, maridadi: ul li, yaani orodha na kila jina lililo ndani yake. Sikuijaribu. Aliyesoma mantiki hajaribu. Nimeituma kwa kamati nzima.

Jumatano, 6 Agosti.
Balaa! Nyota thelathini na nane! Kila msaidizi anayo. Nzomo, aliyepangiwa kuosha sufuria, amejiona mkuu wa mapishi, amefuta pilau na kuagiza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Oluoch wa kupanga viti ameitisha mkutano wake huko Ruiru. Watu wamehudhuria! Shangazi ameuliza kama chuoni nilifunzwa kompyuta au uchawi. Nekesa, akitafuna hindi la kuchoma, amesema nilihitaji alama ya >, inayogusa watoto wa orodha tu na kuwaacha wajukuu. Nimemweleza kwa dakika arobaini kwamba katika ukoo wetu mjukuu naye ni mtoto. Amesema ni sawa kabisa, ila kompyuta haijaolewa kwetu.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nimeweka ile alama kwa siri: ul > li. Nyota thelathini na nane! Nimeanza kuandika lalamiko rasmi. Kwenye ukurasa wa tatu nikaishiwa hasira, nikamwita Nekesa. Hakucheka sana. Amesema hata orodha ndogo ni ul, na kila msaidizi ni mtoto wake halali; kwa hiyo orodha kubwa ipewe jina lake, na kanuni ianzie hapo. Akaandika .kamati > li. Nyota tano. Dakika moja! Akanimegea hindi lake.

Jumamosi, 9 Agosti.
Bwana Amrik aliuliza ile alama ya Nekesa hufanya nini. Nilianzia kwa Wagiriki wa kale. Nekesa akajibu kwa sentensi moja. Ameajiriwa yeye. Kisha akamsihi Bwana Amrik aniajiri niwe msaidizi wake, na mzee akakubali! Tunaanza Jumatatu. Nilikaribia kulia.

Lakini nimetazama orodha ya kamati. Jina langu sasa liko chini ya Nekesa, ambaye Shangazi amemfanya kiongozi wa tovuti. Bila nyota! Mimi, mwenye digrii!

Nimeifuta kanuni yake ndefu na kurudisha yangu, fupi, maridadi. Nimehakikisha: jina langu lina nyota. Sikuona haja ya kutazama mengine.

Shangazi anapiga simu kwa mara ya nne. Pongezi, bila shaka.