Vikohozi Viwili Mwisho wa Aya

Alhamisi, 1 Februari 1979

Nimekwisha!

Leo Mzee Swaibu, fundi cherehani wetu wa hapa Nyamiaga, baba yake Hidaya, kaniita barazani kwake. Nikajua posa yangu imejibiwa. Nikatoa shikamoo kwa tabasamu. Marahaba yake ikaja na mtihani. Anasema Maulidi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tena mchana, maana usiku taa haziruhusiwi kwa ajili ya vita. Sheikh Muhidini atakuja kutoka Biharamulo. Wasomaji wa Kurani ni wawili: mimi, na Twaha, karani wa kahawa, ambaye naye kapeleka posa. (Twaha! Na baiskeli yake!) Atakayesoma vizuri zaidi, posa yake ndiyo itakayopokelewa. Akaongeza kuwa kwangu mimi haoni shida, kwani si nimesoma Ujiji miaka miwili?

Ujiji nilikuwa nauza dagaa.

Hilo la kusoma nilisema siku niliyorudi, kwa sababu Hidaya alikuwa amesimama pale, na dagaa hawana heshima. Sikujua litaota mizizi.

Ijumaa, 2 Februari

Mpango ninao. Ntobeye kuna Maalimu Zuberi, mzee ajuaye tajwidi, yaani kanuni zote za kutamka Kurani. Siku hizi haonekani huku kwetu, sijui kwa nini. Vizuri zaidi! Hakuna atakayejua.

Dukani ninakofanya kazi nikamwambia Mama Auleria, meneja wa duka letu la kijiji, kwamba nakwenda Ntobeye kukusanya maharage ya wanajeshi walioko mbele. Kafurahi mno. Kanipa gunia. Sasa itabidi nirudi na maharage kweli.

Maalimu hataki fedha. Anataka shamba lake la maharage lipaliliwe. Nikamwambia tajwidi ninayo ila nimesahau kidogo. Akasema nisome sura ya Wadhuha. Nikasoma. Akafumba macho kama mtu anayeumwa jino, kisha akasema nimesahau sana, na tuanzie kooni.

Jumamosi, 3 Februari

Mgongo wangu! Lakini akili imefunguka. Kumbe kila herufi ina nyumba yake. Haa inatoka katikati ya koo. Dhadi inatoka ubavuni mwa ulimi, kwenye magego. Nuni ina sauti yake puani, na ukiipitiliza umekosea. Kuvuta sauti kunahesabiwa kwa kukunja vidole. Hakuna kilichoachwa hivi hivi.

Na mimi nimegundua kanuni ambayo Maalimu hakunieleza. Kila mwisho wa aya anakohoa vikohozi viwili, vifupi, kisha anafuta pua kwa ncha ya kilemba. Kila aya! Walimu hawa bwana, siri zao hawazitoi kwa mdomo. Lakini mimi si mjinga. Kama pua ina kanuni, kifua kitakosaje?

Jumapili, 4 Februari

Nimekamatwa. Nimeachiwa. Alhamdulillahi!

Nilikuwa migombani nyuma ya nyumba nafanya mazoezi ya ile haa. Mara Shilinde wa mgambo huyo na rungu lake, na nyuma yake Balozi Evaristi wa nyumba kumi. Wamepata taarifa kwamba migombani kuna adui anatoa ishara kwa wenzake. Nani kapeleka taarifa? Twaha! Apelekaye habari za watu kwa baiskeli ni nani mwingine?

Ningesemaje? Nikisema najifunza herufi, Mzee Swaibu angejua kabla ya adhuhuri kwamba msomi wa Ujiji yuko kwenye alifu. Nikasema koo linaniuma. Shilinde akasema kwao Usukumani ng'ombe akitoa sauti ile huchinjwa mapema nyama isiharibike. Balozi akamwita jirani yangu Mama Ernesta. Mama Ernesta, Mungu ambariki na amsamehe, akaja na bakuli la majani ya mululuza yaliyochemshwa. Nikanywa lote, Balozi akinitazama. Uchungu ule umefika hadi masikioni.

Jumatatu, 5 Februari

Usiku nimewaza: ugonjwa huu ni neema! Mwenye koo bovu hasomi Maulidi. Asiyesoma haumbuki. Nikafunga kitambaa shingoni, nikaenda kwa Mzee Swaibu, nikamnong'oneza habari yangu. Mzee akanipa pole nyingi. Akasema basi, Twaha atasoma peke yake, na mambo mengine yote yatakuwa rahisi.

Nikapona palepale. Sauti ikarudi kama ya mwadhini. Mzee akashangaa nguvu ya mululuza, naye akatuma kwa Mama Ernesta aletewe ya magoti yake.

Jumatano, 7 Februari

Ntobeye tena. Malengelenge mikononi. Gunia la maharage halijafika hata nusu, na Mama Auleria anauliza kila siku kama watu wa Ntobeye hawajui kuna vita.

Lakini usomaji umenyooka. Hata ulimi wangu wa Kihangaza, uliozoea kuzichukulia ra na lamu kama ndugu wa tumbo moja, sasa unazitenganisha. Na vikohozi vyangu! Viwili, vifupi, kavu, pua kwenye kilemba. Maalimu alinitazama kwa huruma, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha tangawizi ya moto. Nikasoma aya nyingine, nikakohoa, akaleta kingine. Nadhani ni sehemu ya somo, ya kulainisha kifua. Nimerudi nyumbani tumbo limejaa tangawizi.

Alhamisi, 8 Februari

Leo migombani nimeona alama za magurudumu. Kutazama vizuri, nyuma ya kichuguu, kofia ya Twaha! Amekuja kumsikiliza msomi kwa siri.

Nikaamua kumvunja moyo. Nikasoma Wadhuha yote kwa sauti kuu, na vikohozi vyake vyote, na kilemba. Aliondoka akisukuma baiskeli, kichwa chini. Usiku atalia huyo.

Ijumaa, 9 Februari

Nimekutana na Hidaya njia ya kisimani, yuko na shangazi yake. Kaniuliza Ujiji wanafunzi walikuwa wakila nini. Nikasema wali. Akacheka, akasema mwaka ule niliorudi nilinuka dagaa mpaka paka wa kwao alinifuata. Halafu akaacha kucheka. Akasema kesho nisimwaibishe, kwa sababu akipelekwa kwa Twaha ataelezwa bei ya kahawa mpaka afe.

Ananitaka! Ananitaka mimi!

Na sasa ndiyo hofu ya kweli imeniingia. Mpaka jana nilikuwa naogopa kuumbuka tu. Leo naogopa kumkosa.

Jumamosi, 10 Februari

Mungu si Athumani! Niandike taratibu.

Uwanja wa msikiti ulijaa. Sheikh Muhidini mbele, kanzu nyeupe. Mzee Swaibu kando yake. Wanawake upande wa pili, na Hidaya nimemwona ingawa nilikuwa sitazami. Twaha akaomba kuanza yeye. Akakaa, akafumba macho, akasoma Wadhuha. Sura yangu! Mwisho wa aya ya kwanza akakohoa mara mbili, akafuta pua kwa ncha ya kilemba.

Mwizi! Damu ilinipanda kichwani. Siri yangu, jasho langu, matuta yangu ya maharage, ameyabeba yote kwa baiskeli! Aya ya pili, vikohozi. Ya tatu, vikohozi. Watoto wakaanza kucheka. Nikashangaa wanacheka nini.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma. Haa ikatoka kooni, dhadi ikatoka kwenye magego, nikakunja vidole, nikakohoa vizuri kuliko yule mwizi. Nilipomaliza nikatazama mbele. Sheikh Muhidini alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika. Nikadhani analia kwa utamu.

Alikuwa anacheka.

Akamwuliza Twaha mtindo ule wa kukohoa kautoa wapi. Twaha, kifua mbele, akasema ni mtindo wa Ujiji. Sheikh akasema Ujiji kasoma miaka saba na hakusikia hata chafya. Kikohozi kile anakijua: ni pumu ya Maalimu Zuberi wa Ntobeye, ambaye ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe utotoni. Hata yeye alikuwa akikohoa hivyo hivyo, mpaka mwalimu wake wa Unguja alipomwachisha kwa bakora. Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Kisha akanigeukia mimi.

Nilikuwa nimeandaa Ujiji mdomoni. Lakini uongo wangu Twaha alikuwa ameshautumia, ukaisha. Nikasema, Ntobeye, Sheikh. Wiki hii.

Sheikh akasema herufi zangu kila moja iko nyumbani mwake, na za Twaha zinatangatanga. Vikohozi nivirudishe kwa mwenyewe.

Wakati wa pilau Mzee Swaibu akaniuliza, na Ujiji? Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema, dagaa, Mzee. Akaniita mwongo mbele ya sinia. Halafu akasema dagaa angalau wanalisha mtu, na mjinga anayelima shamba la mwenzake ili asome, atalima na la mkewe. Posa imepokelewa!

Nimepumua. Nafikiri tangu Alhamisi ile sikuwa nimepumua.

Jumapili, 11 Februari

Nimekwenda Ntobeye kumshukuru Maalimu. Alipoona nasoma bila kukohoa, akainua mikono kushukuru Mungu. Kumbe siku zote zile mzee alidhani ameniambukiza pumu yake, na aibu ilimzuia kuniuliza. Ndiyo maana ya ile tangawizi. Tulicheka mpaka yeye akakohoa, viwili, vifupi, na mimi nikakohoa kwa mazoea. Akaniletea kikombe.

Jumatatu, 12 Februari

Hidaya kaniapisha. Nisimdanganye baba yake tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo mmoja, na machozi yalinilengalenga. Kweli njia ya mwongo ni fupi. Nimekuwa mtu mpya.

Alasiri nikapita kwa Mzee Swaibu. Alikuwa hana raha. Marehemu ndugu yake wa Murusagamba kaacha ng'ombe, na warithi karibu washikiane mapanga. Anatafuta mtu ajuaye kugawa mirathi kwa sheria, na Sheikh Muhidini ameshaondoka. Nilitaka kusema pole tu. Wallahi, pole tu. Lakini Hidaya alikuwa mlangoni na ungo wake, na mdomo wangu ukasema mirathi niliisoma kidogo.

Lakini sikusema Ujiji! Nilisema Kigoma.

Tunakwenda Murusagamba Alhamisi. Ni kugawanya tu, ugumu uko wapi? Na Maalimu Zuberi ana shamba la mihogo pia, nililiona. Jembe nimeshalinoa.