Mashine ya Kazi Saba na Mwiko wa Alhamisi

Jumatatu, 8 Aprili
Imekamilika. Injini moja, kazi saba: inalima, inapanda, inapukuchua mahindi, inapura mpunga, inakuna mihogo, inavuta maji na inachaji simu. Kazi ya saba niliiongeza jana baada ya ibada.

Kwaku Dapaah kaja kuitazama. Huyu nilimfundisha mwenyewe kuchomelea. Akauliza itabebwa na watu wangapi. Wivu tu. Yeye katengeneza kikunio cha mihogo, kazi moja basi, anakifunga nyuma ya baiskeli. Nikamwambia hata kuku hufungwa nyuma ya baiskeli.

Jioni kapita Mjomba Nsiah. Karakana ni ya ukoo wa mama, naye ndiye mkuu wa ukoo. Kasema Pasaka ikifika bila mkulima hata mmoja kuitaka mashine yangu, karakana inageuka banda la kuku. Kuku keshawaagiza.

Jumanne, 9 Aprili
Nimekwenda kwa Maame Birago, mwenyekiti wa kina mama wanaokaanga unga wa mihogo. Wanachagua mashine moja, yangu au ya Kwaku. Kasema wanashinda shambani kila siku isipokuwa Alhamisi, siku ardhi inapopumzika. Basi nije Alhamisi, nao watakuwa wamemenya mihogo. Kasema mara tatu: mihogo tu, mwanangu, mengine hatuna haja nayo.

Hajui anachokitaka. Akiona inavyolima atalia kwa furaha. Na Alhamisi kijiji kizima kiko nyumbani! Umati wa bure.

Jumatano, 10 Aprili
Nimeutafakari mwiko. Unasema Alhamisi jembe lisiguse ardhi. Jembe. Mashine yangu haina jembe, ina visu vinavyozunguka. Wazee waliotunga mwiko hawakuvitaja visu vinavyozunguka.

Isitoshe mimi ni Yaw, jina apewalo mzaliwa wa Alhamisi. Siku ya ardhi ndiyo siku yangu. Itaninyimaje ruhusa?

Mke wangu Afia kasema hata mbuzi wa hapa wanajua Alhamisi ni nini. Yeye si fundi.

Alhamisi, 11 Aprili
Walioibeba ni wanaume wanane, wakipumzika kila hatua kumi. Kwaku kaja na baiskeli yake, kikunio nyuma, akasimama pembeni. Maame Birago kaleta mabeseni manne ya mihogo. Nikamwambia asubiri, tunaanza na kulima.

Ikalima! Ililima vizuri kuliko nilivyoota. Iliondoka peke yake, ikavuka uwanja wa mpira, ikaelekea nyumbani kwa msemaji wa chifu. Nikaikimbilia, nikavuta mkono wa kuisimamisha. Kumbe ulikuwa mkono wa maji. Wazee wakalowa wote, na mavazi yao ya kente, vitambaa vya sherehe. Ikaja kusimama katikati ya bamia za msemaji.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Msemaji kaniuliza, taratibu kabisa, leo ni siku gani. Nikamweleza tofauti ya jembe na visu vinavyozunguka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yaw, mtu akichomwa usingizini haulizi kachomwa na nini."

Ijumaa, 12 Aprili
Hukumu: kondoo mmoja na chupa mbili za schnapps, pombe kali ya kuituliza ardhi. Kondoo ni yule niliyemnenepesha kwa ajili ya Pasaka. Afia hasemi nami. Kapika supu ya mawese, kanipakulia supu bila fufu, ugali wetu wa mihogo.

Nilipokuwa mbele ya wazee jana, kina mama walimaliza mabeseni yote manne kwa kikunio cha Kwaku. Maame Birago kaja mwenyewe kunipa pole. Kasema mihogo iliyomenywa haingoji kesi. Kasema pia sehemu yangu ya kukuna ina meno mazuri kuliko ya Kwaku, ningeileta peke yake wangeichukua. Nikamweleza kwamba haitoki, nimeichomelea pamoja na pampu. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyevaa shati kinyume. Roho iliniuma, nakiri.

Jumapili, 14 Aprili
Mjomba hakungoja Pasaka. Kuku arobaini wamehamia karakana. Mashine, waliyoirudisha juzi, imebaki kwenye kona kwa sababu wale wanaume wanane wamekataa kuigusa tena.

Kwaku kaja baada ya ibada, kavua kofia. Vijiji vitatu vinataka vikunio, peke yake hawezi. Kaniomba nimtengenezee meno, kazi tuifanye pamoja kwenye karakana yake, na jina langu liandikwe juu. Aliniita mwalimu. Nusura nikubali. Lakini mtu wa kazi saba arudi kwenye kazi moja? Nikamwambia nina shughuli.

Na kweli ninayo. Leo kuku wawili wametaga kwenye mdomo wa kupukuchulia mahindi, pale penye joto la injini niliyoijaribu asubuhi. Kazi ya nane! Itaatamia mayai, mia mbili kwa mkupuo. Nitawaonyesha watu Alhamisi, maana wote watakuwa nyumbani. Safari hii hakuna kulima, mwiko nauheshimu. Inahitaji tu mashimo manne ya kusimikia miguu yake, nami nitayachimba asubuhi hiyo hiyo.