Malalamiko Kuhusu Kishikwambi Kisichosoma Nyusi

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Upimaji wa Kidijitali,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na chaji imejaa.

Jumatatu kishikwambi chenu kilifika shuleni kwetu, hapa kisiwani Nonouti, kupima uelewa wa sayansi wa darasa la nne. Kilimuuliza binti yangu Tiroia maswali kumi kwa sauti. Yote kumi aliyajibu. Mmempa sifuri, na mwalimu anasema asipopimwa upya kabla muhula haujaisha, atarudia darasa. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Tiroia alijibu kwa kupandisha nyusi. Kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo; hata mtoto wa kubebwa anajua. Kishikwambi kina kamera mbili, na bado kiliandika: "Mwanafunzi hajajibu."

2. Sauti iliyomo ndani ni ya mama mtu mzima. Mlitaka mwanangu ambwatukie? Nilipomuuliza, alisema, "Baba, yule mama sijui haoni vizuri! Namjibu, anarudia swali. Namjibu tena, anarudia. Nikamwonea huruma, nikazipandisha mpaka kichwa kikauma."

3. Kama nyusi si jibu, mimi na Akoia, mama yake Tiroia, hatujaoana. Mchungaji alimuuliza, akapandisha nyusi, tukala nguruwe. Miaka kumi na tisa, Ndugu, naishi na mwanamke ambaye "hajajibu". Nimemsomea hoja hii. Amesema, "Basi leo kajipikie, bwana usiye na mke."

4. Baya zaidi, kiwanja cha shule kilitolewa na wazee kumi na wanane waliokaa kwenye maneaba, ukumbi wetu wa mikutano, wakapandisha nyusi wote. Basi shule haipo kihalali. Basi upimaji haukufanyika. Basi hakuna sifuri.

Naomba kishikwambi kirudishwe darasa la kwanza, kikae na wadogo, kijifunze kumtazama mtu usoni. Vitabu vya sayansi nilivyosoma ni vingi, na vyote vinaanza na kutazama. Nyie mmeanzia wapi?

Nisalimie wote ofisini, pamoja na mtunga maswali na yule mama aliyemo ndani ya mashine.

Nimeandika kwa hasira na heshima,
Ioteba Tekaai, baba wa Tiroia

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimemwomba Tiroia anitajie maswali yenyewe. La kwanza lilikuwa: "Kwa nini nazi huelea majini?" Nikamuuliza, "Na hilo nalo ulilijibu kwa nyusi?"

Akapandisha nyusi.