Natafuta wa Kunionea

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha redio. Viti vya plastiki, feni inayozunguka pale inapojisikia. Mwenyekiti wa kamati, ambaye kazi yake hasa ni kuuza dawa za mifugo, ametangaza kwamba saa moja jioni, ile saa ambayo mji mzima unafungulia redio yetu ya jamii, sasa itapewa kipindi kimoja tu, siku zote za juma. Kingine kitahamia saa nane mchana. Saa nane! Watu wamelala, redio zimezimwa kuokoa betri. Tunaoishindania ni wawili, mimi na Mama Haki.

Mimi naendesha "Dunia Kiganjani": siasa za ulimwengu, uchambuzi mzito, na muziki wa mataifa kati ya vita moja na nyingine. Mama Haki anaendesha "Sema Usikike", ambamo watu waliodhulumiwa huja kulia. Ndiyo kazi yote. Wao wanalia, yeye anasema "pole, endelea", na mji mzima unapiga simu. Wiki iliyopita laini yake ilielemewa mpaka ikakatika. Mimi nilipigiwa na mzee mmoja. Alitaka kujua muziki unarudi saa ngapi.

Kamati itatusikiliza wiki hii na kuamua Jumamosi. Nikinyimwa saa moja, nimekwisha. Miaka yote hii nimeihudumia dunia, na dunia haijapiga simu hata mara moja.

Jioni, nikinawa miguu, jibu likanijia. Mama Haki ananishinda kwa kitu kimoja tu: ana waonewa. Wa kwangu wako mbali na hawana namba yetu. Basi nitaonewa mwenyewe! Mwanahabari aliyezibwa mdomo! Nani atathubutu kumhamishia saa nane mchana? Kinachotakiwa ni mtu mmoja tu wa kunionea, na kwa jinsi dunia ilivyo (habari zake ninazo zote) hilo halitanitoa jasho.

Jumanne, 4 Machi

Kipindi cha leo kimekuwa moto. Nimeiacha dunia kwa dakika kumi nikawashukia watu wa halmashauri kwa lile lundo la takataka la barabara ya sokoni. Nimewaita wavivu. Nimewaita walafi. Nimewaita maadui wa pua. Fundi, yule dada mpole wa mitambo anayekaa upande wa pili wa kioo, alinipungia mkono nipunguze ukali. Nikaongeza.

Fundi huyu ndiye pia anayenitafutia habari za dunia na kuniandikia uchambuzi, maana mimi natakiwa kutunza sauti. Baada ya kipindi akaniomba ruhusa ya Ijumaa. Baba yake anatoka hospitali na hakuna mwingine wa kumchukua. Ijumaa! Wiki kama hii! Nikamuuliza: nikikamatwa, nani atakayekuwa kwenye mitambo kuutangazia ulimwengu? Akasema kwa upole kwamba hajapumzika tangu mvua za mwaka jana. Nikamwambia haki za binadamu hazina likizo. Akainama kukunja nyaya zake, kwa hiyo naona alinielewa.

Nimefungasha begi dogo. Mswaki, sabuni, sweta. Nimeanza kwenda nalo hata studio, wasije wakanikuta mikono mitupu. Mke wangu akauliza ni msiba wa nani. Nikamwambia watakuja kunichukua usiku huu. Akasema wakija wavue viatu, ametoka kupiga deki.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamshwa na mngurumo wa lori. Hatimaye! Nikavaa sweta, nikampa mke wangu mkono wa kwaheri. Lilikuwa lori la taka. Wamezoa lundo lote, wamefagia, wamemwaga na dawa. Kisha ofisa wa halmashauri akaja redioni kwa miguu yake mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema bila watu kama mimi wasingejua wanakosea wapi. Akaomba wimbo kwa ajili ya madereva wake.

Uonevu gani huu? Wanawake wa sokoni wamenipigia vigelegele. Mama wa nyanya amekataa hela yangu. Nimerudi nyumbani nimenywea kabisa.

Mchana nikaamua kuwafuata waonevu walipo. Kituo cha polisi. Nikaingia na begi langu, nikakataa kutaja jina. Sajini akasema haina haja, sauti yako tunaijua, karibu ukae. Akanipa kiti pekee ambacho hakijavunjika. Akaniomba nimsalimie mama mkwe wake hewani, kwa kuwa mama huyo haamini kwamba mkwewe anafahamiana na watu wakubwa. Nikapaza sauti kwamba mimi si chombo cha dola. Akasema hamna shida mkuu, siku nyingine. Nikamwambia waziwazi anitie ndani. Akasikitika kwa dhati. Mahabusu ya wanaume inapakwa rangi.

Nimerudi na begi kwapani. Mke wangu aliuchukua mswaki akaurudisha kwenye kikombe chake. Nimeutoa tena.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi cha pili cha wiki. Nimepiga kila upande. Polisi, halmashauri, mashirika ya kimataifa. Mwisho nikauliza hewani kama dawa za mwenyekiti wetu zimewahi kuponya hata mbuzi mmoja. Simu ikaita papo hapo. Mwenyekiti! Moyo ulinidunda kwa furaha. Akasema leo nimechangamka, niendelee hivyo hivyo, na kwamba dawa ya mbuzi ataileta Jumamosi.

Simu tatu nyingine zikafuata. Tatu, rekodi yangu! Wote walitaka ule wimbo urudiwe, ule alioupiga Fundi nilipokuwa nakunywa maji. Nimemwonya asichague tena nyimbo zinazozidi uchambuzi. Akaitikia vizuri, kisha akaomba tena ruhusa ya kesho. Ana kichwa kigumu huyu dada! Nikamweleza kwa utulivu kwamba baba yake yuko mahali penye vitanda na wauguzi, wakati mimi naingia vitani peke yangu.

Jioni nikameza kiburi, nikaenda kwa Mama Haki kuomba aniweke kesho kama mgeni wake. Alinikaribisha chai, kwa tabasamu lile la watu wanaopigiwa simu nyingi. Akauliza nimefanyiwa nini. Nikaeleza yote: taka zimezolewa, nyanya nimepewa bure, polisi wamenipa kiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, endelea. Hakukuwa na cha kuendelea.

Akasema hata hivyo kesho nafasi imejaa. Kuna mgeni mzito, mfanyakazi anayenyanyaswa na bosi wake. Nikaona wivu. Watu wengine wana bahati jamani, wanaonewa bila hata kujitahidi! Lakini njiani nikapata mpango bora. Nitapiga simu. Nitamlaani huyo bosi kwa ufasaha ambao kipindi kile hakijawahi kuusikia. Kamati itasikia, itasema: huyu ndiye mwenye saa moja.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi hakuja kazini. Bila ruhusa! Ikanibidi niandike mwenyewe habari za mchana. Nikasoma za wiki iliyopita. Hakuna aliyelalamika, kwa hiyo sijui yeye huwa anachelewa kwa kitu gani.

Saa moja jioni nilikuwa mezani, redio mbele, simu mkononi. Sauti ya mgeni ilikuwa imebadilishwa ili asijulikane, nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mgeni akaanza kueleza. Bosi wake anajiita mchambuzi, lakini kila neno analosema ameandikiwa. Jina la anayeandika halijawahi kutajwa hewani. Likizo hakuna. Leo baba yake ametoka hospitali, na bosi alimkatalia kwenda kumchukua. Ameenda kwa kutoroka kama mwizi. Nikatikisa kichwa. Kuna watu wana roho mbaya!

Kisha akasema bosi huyo huja kazini na begi lenye mswaki na sweta, akisubiri kukamatwa. Niliruka kitini. Mwigaji! Kumbe mjini kuna mwanahabari mwingine mwenye wazo langu! Nikamwambia mke wangu, unaona, wananiibia. Mke wangu akaweka mwiko chini. Akaniuliza huyo mwingine ni wa redio gani, kwani redio mjini ni moja. Nikasema labda ni wa gazeti. Akaniuliza kama hakuna jambo lolote ningependa kulifikiria kwanza. Nikamwambia hakuna muda, laini itajaa.

Simu yangu ikaunganishwa. Nilikuwa katika ubora wangu! Nilisema mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata kipaza sauti cha mnada. Nilisema kwa niaba ya wanahabari wote wenye utu, aondolewe mara moja. Nilisema yule anayefanya kazi ndiye apewe kipindi, na jina lake litajwe. Mama Haki akauliza, kwa sauti kama ya mtu anayemeza kitu kisichomezeka, kama nina hakika. Nikasema nina hakika, na kamati iandike. Akauliza: hata saa nane mchana asipewe? Nikasema hata alfajiri asipewe, awatangazie majogoo.

Simu ziliita hadi kipindi kikaisha. Nilimsikia jirani akicheka peke yake ng'ambo ya ukuta. Mke wangu alitoka nje na hakurudi mpaka chakula kikapoa. Naamini aliguswa.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao. Mwenyekiti amefungua kwa kuchezesha rekodi ya simu yangu, yote, mbele ya kamati nzima. Sauti yangu jamani! Watu waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Nikajua wamelemewa na hisia. Mwenyekiti akauliza kama mpiga simu bado anasimamia maneno yake. Nikasimama. Nikasema nasimamia kila neno, na likibaki moja nitaliongeza.

Basi akamwita mgeni wa Mama Haki aingie amtaje bosi wake. Aliyeingia ni Fundi. Nikafurahi kumwona, nilikuwa na karipio lake la jana. Mwenyekiti akamuuliza bosi huyo ni nani. Fundi akasema, kwa ule upole wake, ni kaka huyu. Nikageuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Kamati imepitisha mapendekezo yangu yote kwa kauli moja. Tangu nijiunge na redio ni mara ya kwanza kupitisha pendekezo langu lolote. Saa moja jioni wamepewa Fundi na Mama Haki pamoja: muziki, haki za watu, na habari za dunia zikisomwa na yule aliyekuwa akiziandika. Kwanza Fundi atapumzika wiki moja. Mimi nimepewa mkono wa shukrani na chupa ya dawa ya mbuzi.

Nimeumia. Sifichi, nimeumia. Nimepita barabara ya sokoni, safi kama sahani, na hakuna aliyepiga kigelegele. Nyumbani mke wangu alikuwa amefungua begi, ameanika sweta. Akasema ningemwomba Fundi radhi, nisingepungukiwa na kitu. Nikamuuliza radhi ya nini, wakati aliyefukuzwa ni mimi?

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka nikicheka! Mke wangu akanigusa paji la uso kupima kama nina homa. Jana hasira zilinipofusha nisione kilichotokea. Nimenyang'anywa kipaza sauti. Nimefukuzwa bila notisi. Nimezibwa mdomo! Wiki nzima nazunguka natafuta wa kunionea, kumbe kamati nzima ilikuwa inajiandaa kunifanyia hisani hiyo.

Kabla ya chai nilikuwa mlangoni kwa Mama Haki. Nikamweleza kwamba safari hii ninacho cha kusema. Akashusha pumzi, akasema kila mtu ana haki ya kusikilizwa, hata mimi. Nimepewa Ijumaa. Saa moja jioni! Saa yangu ileile! Nani kasema nimeshindwa?

Kazi iliyobaki ni ndogo, kuuandika huo ushuhuda. Nimempigia Fundi. Nikamwambia kesho aje mapema na kalamu, na aje na wimbo wa kutoa machozi, ila usizidi maneno. Akanijibu kwa heshima kwamba yuko likizo, na kwamba hapo aliposimama amemshika baba yake mkono, wanajifunza kutembea kutoka kitandani hadi dirishani. Nikamwambia vizuri sana, basi aje naye, studio kuna benchi. Akakata simu.

Amenikatia simu! Mtu ameshazibwa mdomo, na simu anakatiwa! Hilo ndilo litakalofungua ushuhuda wangu, mara tu nitakapompata wa kuniandikia.